Viunganishi vya Python kwa Maktaba Zilizokompailiwa: Mfano wa fastText na Lugha za Mwambao wa Rumonge

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, Kirundi na Kiswahili hukutana katika kinywa kimoja. Anayesema dagaa, anayesema ndagala na anayesema indagara wote wanamtaja samaki yuleyule, na maneno hayo huweza kufuatana katika ujumbe mmoja wa simu, Kifaransa nacho kikipenya. Kwa mkusanyaji wa kopasi, swali la kwanza ni hili: mstari huu ni wa lugha gani?

Swali hilo siku hizi hujibiwa na programu. Mojawapo ya zinazotumiwa sana ni fastText, iliyotolewa na maabara ya utafiti ya Facebook mwaka 2016. Modeli yake ya mwaka 2017 hutambua lugha 176, Kiswahili kikiwamo, lakini Kirundi hakimo. Mstari wa Kirundi hupewa jina la lugha nyingine. Modeli iliyotolewa pamoja na mradi wa NLLB mwaka 2022 inakijua Kirundi, nayo pia huendeshwa na fastText. Kwa hiyo fastText isiposakinishika, modeli hizo mbili hazina faida.

Chanzo cha ugumu ni muundo wake. Kiini cha fastText kimeandikwa kwa C++, lugha ambayo lazima igeuzwe na kompaila kuwa msimbo wa mashine kabla ya kutumika. Mtafiti hakigusi kiini hicho. Hukiita kutoka Python kupitia kiunganishi, yaani tabaka jembamba linalotafsiri wito wa upande mmoja kwenda upande wa pili. Kiunganishi hufungamana na toleo la Python, mfumo endeshi na aina ya kichakato. Pakiti iliyokwisha kukompailiwa kwa hali hizo ikiwapo, usakinishaji huchukua sekunde chache. Isipokuwapo, amri ya pip hupakua msimbo asilia na kuanza kuukompaili papo hapo, na hapo ndipo watumiaji wengi hukwama.

Kosa la kawaida ni kusoma mstari wa mwisho wa taarifa. Mstari huo husema tu kwamba ujenzi umeshindikana; sababu yenyewe imo juu zaidi, wakati mwingine mistari mia juu. Taarifa ikitaja kwamba Python.h haionekani, faili za vichwa za Python hazijawekwa. Katika Ubuntu zimo katika pakiti ya python3-dev. Ikidai Microsoft Visual C++ 14.0, basi Windows haina kompaila, na zana hizo ni gigabaiti kadhaa, mzigo mkubwa kwa anayenunua intaneti kwa vifurushi vya simu. Usakinishaji ukifaulu lakini Python ikasema moduli haipo, aghalabu pip ni ya Python moja na programu inaendeshwa na nyingine. Kuandika python -m pip huondoa utata huo.

Tatizo baya zaidi ni lile lisilojitokeza wakati wa kusakinisha. Hazina ya msimbo wa fastText ilifungwa na wenyewe mwezi Machi 2024. Miezi mitatu baadaye likatoka toleo la 2.0 la NumPy, maktaba ya hesabu ambayo kiunganishi hicho huitegemea, likiwa limebadilisha maana ya kigezo kimoja kiitwacho copy. Tangu hapo, pale toleo la zamani la kiunganishi linapokutana na NumPy mpya, kila kitu huonekana salama: pakiti inasakinishwa, modeli inapakiwa. Ni pale inapoombwa kutambua lugha ndipo ValueError hutokea. Ikiwa mwandishi wa programu ameagiza makosa yapuuzwe na mstari uhesabiwe kuwa wa lugha isiyojulikana, basi kopasi nzima ya Rumonge huweza kutupwa bila yeyote kujua. Mshauri wa sera akisomewa baadaye kwamba data za Kirundi ni haba, hana namna ya kujua kuwa uhaba huo umetokana na kigezo kimoja.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kuzuia NumPy isivuke toleo la 1.26. Lakini toleo hilo halina pakiti tayari kwa Python 3.13, hivyo anayetumia Python hiyo hurudishwa kwenye kompaila aliyokuwa akiikimbia. Ni heri abaki na 3.12. Ya pili ni kubadili mstari mmoja ndani ya kiunganishi, np.array yenye kigezo hicho ikawa np.asarray. Ni rahisi, ila mabadiliko hayo hupotea kila pakiti inaposakinishwa upya, hivyo lazima yaandikwe katika maelezo ya mradi.

Kwa vituo vyenye mtandao hafifu, pakiti zote zaweza kupakuliwa mara moja Bujumbura kwa pip download, na fastText kukompailiwa hukohuko kwa pip wheel, kisha kusafirishwa kwa flashi na kusakinishwa kwa --no-index pamoja na --find-links. Modeli ya lugha 176 ina megabaiti 126, na toleo lake lililobanwa halifiki megabaiti moja. Ile yenye Kirundi huzidi gigabaiti moja, nayo iwekwe katika flashi hiyohiyo. Kompyuta ya kupakulia na kukompailia iwe na mfumo endeshi, kichakato na toleo la Python vilevile kama ile ya Rumonge.