Kiambaza na Ukuta: Istilahi za Nyumba ya Miti Nachingwea na Ruangwa

Katika mazungumzo ya kawaida, na hata katika baadhi ya maandishi ya kitaaluma, nyumba za jadi za Nachingwea na Ruangwa huitwa "nyumba za udongo". Jina hilo linapotosha. Udongo katika nyumba hizo haubebi paa. Unaobeba ni mti. Sensa ya mwaka 2012 ilikuwa makini zaidi ilipozitaja kuta za aina hiyo kuwa za miti na udongo.

Msamiati wa Kiswahili wenyewe unaitilia nguvu hoja hii. Kwanza husimikwa nguzo, kisha hufungwa fito au mianzi iliyopasuliwa, ndani na nje. Juu ya nguzo hulazwa mtambaapanya, yaani mti unaopokea makombamoyo yateremkayo kutoka mgongo wa paa (jina hilo halihitaji ufafanuzi kwa aliyewahi kulala chini ya paa la nyasi). Kwa kawaida paa huezekwa kabla ya udongo kuguswa. Ndipo hufuata kukandika, na mwisho kusiriba. Ikumbukwe kwamba husemwa "kukandika nyumba kwa udongo": yambwa ni nyumba, nao udongo ni ala tu. Kisarufi, basi, nyumba huwapo kabla ya udongo wake. Matofali hayakandikwi, hupangwa, nayo ndiyo hubeba. Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya kiambaza na ukuta.

Nyumba za kale za mashambani Uingereza zina muundo wa jamii hiyo: kiunzi cha mwaloni, na kati yake fito zilizokandikwa udongo uliochanganywa na samadi. Tofauti kubwa iko kwenye mguu wa nguzo. Katika zama za kati mafundi wa huko waliacha polepole kuchimbia nguzo, wakazisimamisha juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe. Baadhi ya nyumba hizo zimepita miaka 500. Nguzo ya Ruangwa huchimbiwa ardhini, na mchwa huanzia hapo, isipokuwa akikutana na moyo wa mpingo. Kwa hiyo anayeulaumu udongo kwa umri mfupi wa nyumba hizi anakilaumu kisichohusika.

Matofali ya kuchoma na mabati yanapoenea, kombamoyo linaipisha kenchi, na kiambaza kinaitwa ukuta hata pale ambapo nguzo zingali ndani yake.