Safari ya Wazigua wa Dadaab

Mji wa Garissa umezoea wakimbizi. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka wa 1991, zikafuata Dagahaley na Hagadera mwaka wa 1992, na tangu hapo malori yenye nafaka na mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha za mataifa ya mbali yamekuwa yakivuka daraja la Tana kwenda Dadaab, maili 60 hivi kutoka mjini. Kambi hizo zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka wa 2011, njaa ilipoongezeka juu ya vita katika Somalia, waliomo walizidi 400,000. Lakini mwaka wa 2002 ilifanyika safari ya namna nyingine: mabasi yaliyoondoa watu Dadaab.

Abiria wake walikuwa watu waitwao Wabantu wa Somalia. Babu zao walitekwa katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakauzwa ng'ambo ya kaskazini kulima mashamba ya watu wa Benadiri. Waliotoroka walijificha katika misitu ya mto Juba, wakalima mahindi na ufuta. Baadhi yao hawakuiacha lugha yao, na Mzigua wa Handeni akikutana nao leo husikilizana nao. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991 hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Maghala yao yaliporwa, nao wakakimbilia Kenya. Hata kambini walidharauliwa. Kurudi kwao hakukuwezekana, na Dadaab hapana shamba la kulima.

Shauri likawa: nani atawapokea, na nani atalipa? Tanzania iliombwa kwanza, kwa kuwa ndiko asili ya wengi wao, lakini wakati huo ilikuwa imelemewa na wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Msumbiji nayo ikakubali, kisha ikajitoa, maana ilikuwa imetoka vitani na haikuwa na mali ya kutosha. Hapana wa kuilaumu. Ukarimu nao wataka ghala lenye kitu. Hatimaye, mwaka wa 1999, Marekani ilikubali kuwachukua watu kama 12,000.

Kazi iliyofuata iligawanywa. Kenya ilitoa ardhi na ruhusa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilihakiki majina, kazi ngumu kwelikweli, kwa sababu wengi wasiokuwa wa kundi lile walijiandikisha kwa kutamani safari. Maofisa wa Marekani hawakuona usalama wa kutosha Dadaab. Hivyo Shirika la Kimataifa la Uhamiaji likawasafirisha wakimbizi kwa mabasi kilometa 1,500 hivi mpaka Kakuma, katika Turkana, wakahojiwe huko. Walipimwa na madaktari, wakafundishwa kusoma, kutumia jiko la umeme na kujikinga na baridi. Kundi la kwanza liliondoka mwaka wa 2003.

Nauli ya ndege haikuwa sadaka. Ilikuwa mkopo usio na riba, na mkimbizi alitia sahihi hati ya kuulipa kidogo kidogo baada ya kufika, ili fedha hizo ziwasafirishe wengine. Kila karani aliyewahi kukopa atafahamu uzito wa hati kama hiyo kwa mtu ambaye maisha yake yote alihesabu kwa magunia.

Mashirika haya mawili hayakuanzishwa kwa ajili ya Afrika. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Ulaya ilijaa mamilioni ya watu wasio na makwao, na shirika la wakimbizi la wakati ule liliwapatia makao mapya watu zaidi ya milioni moja kati ya 1947 na 1952. Hilo la uhamiaji lilizaliwa Brussels mwaka wa 1951 ili kuwatafutia Wazungu meli za kwenda Amerika na Australia. Hilo la Umoja wa Mataifa, lililoanza kazi mwaka huo huo, lilipewa miaka 3 tu liimalize kazi yake. Wazee wa Makindu na Rongai waliwaona Wapolandi waliohifadhiwa huko wakati wa vita. Waliondoka wakaenda Uingereza, Kanada na Australia, na kambi zao zikafungwa. Ulaya ilisaidiwa na nchi zenye nafasi na haja ya wafanyakazi.

Dadaab haikupata milango mingi hivyo. Baadhi ya Wazigua walifika Tanzania, wakapewa makao Chogo, wilaya ya Handeni, na wengine wakawa raia. Wengi waliobaki Ifo na Hagadera wamezaa watoto, na watoto hao wamezaa. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha kupangiwa ndege waliambiwa wasubiri. Miezi miwili baadaye Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa miji, wakimbizi na wenyeji watumie shule na hospitali zile zile. Mpango huo nao unategemea fedha za mataifa.