Kuondoa Mabati Yaliyoliwa na Kutu katika Pikapu Kuukuu

Leo twapenda kusema habari za pikapu kuukuu, kama zile ambazo watu wa Michenga na Ifakara huzipakia magunia ya mpunga. Bonde la Kilombero hufurika wakati wa masika, na tope lake huingia ndani ya madigadi, likakaa pembeni na unyevu wake siku nyingi baada ya njia kukauka. Daraja la mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018, liliwaondolea watu taabu ya pantoni, lakini halikuondoa tope.

Kutu si uchafu wa juu. Ni chuma chenyewe kilichoungana na maji na hewa, nacho huchukua nafasi kubwa kuliko chuma cha kwanza. Ndiyo sababu rangi huvimba kama lengelenge, na nati hushikamana na bolti yake kana kwamba zilizaliwa pamoja.

Aghalabu mwenye gari akiona tundu hushika patasi akalipasua bati. Twamsihi angoje. Bati bovu ndilo kipimo cha bati jipya. Likitoka vipande vipande, fundi atafuatisha nini?

Kwanza zitolewe waya za betri, ule wa hasi ukitangulia. Tangi la petroli nalo liondolewe, liwekwe mbali na moto. Wala mtu asidhani tangi tupu ni salama: mvuke uliobaki ndani ndio uwakao kwa kishindo.

Madigadi, boneti na milango hushikwa kwa bolti. Zisuguliwe kwa brashi ya waya, zitiwe mafuta mepesi, ziachwe usiku kucha. Asubuhi bolti ikazwe kidogo kabla ya kulegezwa, ili kutu ivunjike. Spana iliyo kubwa kuliko nati hula pembe zake, na hapo kazi ya dakika moja huwa ya siku nzima. Ikikataa kabisa, kichwa kikatwe kwa msumeno wa chuma.

Kizingiti kilicho chini ya mlango ni jambo jingine, maana kimechomelewa, nacho hubeba uzito wa kibanda cha dereva. Kabla ya kukikata, fundi achomelee kipande cha chuma kuvuka nafasi ya mlango, toka nguzo hata nguzo. Kisha atoboe kwa keke zile nukta zilizochomelewa, bati litoke zima. Tumepata kuona pikapu iliyokatwa bila tegemeo hilo. Kibanda kilishuka, na mlango wake ukawa wa kufungwa kwa kamba.

Wenye Land Rover za zamani watatucheka, kwa kuwa tangu mwaka 1948 bodi zake zilifanywa kwa alumini, chuma kikiwa haba Uingereza baada ya vita. Lakini chasisi ni ya chuma, na pale alumini igusapo chuma penye maji, alumini huliwa ikawa unga mweupe.

Bati likisha kutoka, chasisi igongwe kwa nyundo ndogo toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, na magamba huanguka. Ikiwa hivyo, fedha ya mpunga ipelekwe kwenye chasisi kwanza, na bati jipya lingoje mavuno mengine.