Fomula ya dawa ya mtoto kwenye simu: soma kwanza lebo ya chupa

Baba mmoja anayenunua kamba kwa wavuvi wa Saadani aliniletea binti yake wa mwaka mmoja, pamoja na simu. Kwa biashara yake ameshazoea kutengeneza jedwali: anaingiza kilo za kamba, bei ya barafu na nauli ya kufika Bagamoyo, simu inamtolea bei ya kuuzia. Mtoto aliposhikwa na homa akatumia fomula nyingine aliyoitunga siku nyingi: uzito wa mtoto mara 15, gawanya kwa 24.

"Dokta, nimempa mililita 6 tu, kama simu inavyosema."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Chupa ndiyo ilikuwa nyingine.

Paracetamol ya mtoto hutolewa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 kwa saa 24. Dawa ya maji tuliyoizoea ina miligramu 120 katika mililita 5, yaani 24 kwa kila mililita. Hiyo ndiyo 24 iliyokuwa imejificha ndani ya fomula yake. Safari hii alinunua chupa yenye miligramu 250 katika mililita 5. Mtoto wake ana kilo 10, hivyo kila dozi ilimpa miligramu 300, karibu mara mbili ya aliyokusudia. Alishampa dozi tatu. Jumla 900, wakati mtoto wa kilo 10 hatakiwi kuvuka 600 kwa siku nzima. Tulimpima ini, likawa salama. Angeendelea hivyo siku mbili au tatu, pengine ningekuwa naandika habari tofauti.

Sikumwambia aifute. Namheshimu mzazi anayepiga hesabu kuliko anayekisia kwa kijiko cha jikoni, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Tuliitengeneza upya palepale. Nawe ukiwa na Excel au Google Sheets kwenye simu unaweza. Kisanduku A2 andika uzito wa mtoto kwa kilo. B2 andika miligramu zilizo kwenye lebo, C2 mililita zake. Kisha D2 andika: =A2*15*C2/B2. Jibu ni mililita za dozi moja. Ijaribu kwa kilo 10 na chupa ya 120 katika 5; lazima upate 6.25. Ukipata kingine, usimpe mtoto dawa kwa hesabu hiyo.

Kila ukinunua chupa mpya, jaza upya B2 na C2 ukiwa umeishika mkononi. Matone ya watoto wachanga ndiyo yanayonitisha zaidi, kwa sababu yapo yenye miligramu 100 katika kila mililita 1. Uzito nao uwe wa karibuni. Ule wa kadi ya kliniki wa miezi sita iliyopita umeshapitwa. Angalia nukta: 7.5 ikiandikwa 75, simu haitashtuka. Pima dawa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano.

Fomula hii ni ya paracetamol peke yake. Usiigeuze kwa dawa nyingine. Dawa mseto ya malaria, kwa mfano, haihesabiwi hivyo: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu.

Naitaja malaria kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimchoma binti yule. Kipimo cha tone la damu kilionyesha kwa dakika chache. Paracetamol hushusha joto, vimelea hubaki palepale. Mwenye homa apimwe, na aliye chini ya miezi miwili, anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea aende hospitali mara moja, kabla hujafungua jedwali lolote.

Jedwali la yule baba sasa lina kisanduku cha tano: saa ya dozi ya mwisho. Hicho nilikiomba mimi. Nyumbani kwake wanaompa mtoto dawa ni wawili, yeye na mama yake, na usiku si kila mara wanaulizana.