Kabla ya Kuambiwa "Ni Mimba Tu"

Mwezi wa nane ukiingia, viatu vya kawaida havivaliki tena. Mama anaazima kandambili za mumewe, analala amejizungushia mito, anaamka mara kadhaa usiku kwenda haja ndogo, na akila hata kidogo kiungulia kinampanda hadi kooni. Akilalamika, jibu analopewa na mama mkwe, na jirani, na wakati mwingine hata na mhudumu aliyechoka, ni lile lile: ni mimba tu, vumilia, siku zikitimia yatakwisha.

Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Ubaya wake ni kwamba hutolewa kabla mtu hajapima chochote. Miguu iliyovimba kwa sababu mtoto amekua na miguu iliyovimba kwa sababu presha imepanda haina tofauti ukiitazama kwa macho. Uchovu wa mwili uliobeba na uchovu wa mwili ulioishiwa damu huelezwa kwa maneno yale yale. Kinachotenganisha adha na hatari ni mashine ya presha, tone la damu na kikopo cha mkojo.

Tuanze na adha zenyewe, maana nazo zina sababu zake. Homoni ya projesteroni ina kazi ya kutuliza misuli ya mji wa mimba usije ukaanza kusukuma kabla ya wakati. Lakini homoni hii haichagui msuli. Hulegeza pia ule unaofunga njia kati ya umio na tumbo, asidi ikapata upenyo wa kupanda, ndicho kiungulia. Utumbo nao hupunguza mwendo, choo kikawa kigumu, na vidonge vya kuongeza damu huzidisha ugumu huo na kukifanya choo kiwe cheusi, jambo lisilo na madhara. Viungo vya nyonga hulegea kumwandalia mtoto njia, na mzigo wote ukahamia kiunoni. Kula kidogo kidogo mara nyingi husaidia, na kutolala mara tu baada ya chakula cha usiku. Kigimbi kikikaza usiku wa manane, mama anyooshe mguu na kuvuta vidole kuelekea kwake mpaka msuli uachie.

Ulalaji unastahili kuzungumzwa zaidi kuliko unavyozungumzwa. Mama akilala chali, uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni, na damu inayofika kwa mtoto hupungua. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliounganisha takwimu za tafiti kutoka nchi kadhaa, ulionyesha kuwa kuanzia wiki ya 28, wanawake walioingia usingizini wakiwa chali walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kujifungua mtoto aliyefia tumboni, wakilinganishwa na walioingia usingizini kwa ubavu wa kushoto. Uchambuzi huo haukuona tofauti kati ya ubavu wa kushoto na wa kulia. Na mama akizinduka usiku akajikuta chali asitaharuki. Ageuke, aendelee kulala.

Damu ndiyo habari ndefu. Katika ujauzito maji ya damu huongezeka kwa karibu nusu, huku chembe nyekundu zikiongezeka kwa kiasi kidogo zaidi, hivyo damu huwa nyepesi hata kwa mwanamke mwenye afya njema. Ndiyo maana kliniki haimpimi mjamzito kwa kipimo cha mtu mwingine: akishuka chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi ya mwisho, huhesabiwa ana upungufu wa damu. Na upungufu huo hauui kwa kuchosha. Huua siku ya kujifungua, pale ambapo damu inayomtoka mama, ambayo mwenzake angeihimili, inamkuta hana akiba.

Hapa nina neno kuhusu udongo. Sokoni Dar es Salaam unaitwa pemba, Nairobi wanauita odowa, na wajawazito wengi wanaula kwa siri kwa sababu wakionekana wanachekwa. Si tabia ya kuchekwa. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huyashika madini hayo tumboni yasifyonzwe, tatizo likazidi kujilisha. Mama amwambie nesi wazi. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula nayo huzuia chuma. Aisogeze saa moja au mbili mbali na chakula na vidonge.

Vidonge hivyo huwa na asidi ya foliki pamoja na chuma, na kuna mtu wa kumshukuru kwa hilo. Mwaka 1928 daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay kuchunguza upungufu mkali wa damu uliokuwa ukiwamaliza wajawazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Aligundua kuwa lishe yao duni ilikosa kitu fulani, na kwamba kitu hicho kilikuwemo ndani ya Marmite, rojo jeusi la bei nafuu linalotengenezwa kwa hamira. Alitangaza matokeo yake mwaka 1931, na miaka iliyofuata wanakemia wakakitambua kitu hicho kuwa ndiyo foliki.

Kwetu, mwizi mwingine wa damu ni malaria, na kwa mjamzito huja kwa hila. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia makondo ya nyuma ya akina mama wa Kenya, walionyesha kuwa vimelea vya malaria vina namna ya kujinatisha kwenye kondo lenyewe. Vikijificha huko, tone la damu la kidoleni linaweza lisivionyeshe, na mama aliyezoea kuishi na malaria anaweza asipate homa kabisa, ilhali mtoto ananyimwa chakula na kuzaliwa na uzito mdogo. Mwenye mimba ya kwanza ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya aina hiyo. Kwa sababu hiyo dawa ya SP, ya kukinga malaria, hutolewa kliniki kila baada ya mwezi mmoja kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, na humezwa mbele ya nesi, hata kama mama hajisikii kuumwa. Isipokuwa kwa anayetumia kotrimoksazoli kwa ajili ya VVU. Huyo hapewi SP.

Sasa presha. Mimba inapoanza, kondo la nyuma hupaswa kuipanua mishipa midogo ya mama ili damu imiminike kwa wingi. Kwa baadhi ya wanawake upanuzi huo haukamiliki. Kondo lenye njaa ya damu humwaga protini kwenye mzunguko wa mama, na mwaka 2003 kundi la watafiti wa Boston likiongozwa na Ananth Karumanchi lilionyesha kuwa mojawapo ya protini hizo huharibu utando wa ndani wa mishipa. Presha inapanda, figo zinavuja. Yote haya huendelea kimya, pengine kwa wiki nzima, bila mama kusikia lolote zaidi ya uchovu na viatu vinavyobana.

Kinachoufichua ugonjwa huu ni kitu kidogo mno. Nesi huchovya kijiti cha karatasi ngumu kwenye kikopo cha mkojo, hukishika kando ya chupa yake na kusubiri. Kisanduku cha manjano kikibaki manjano, hakuna protini. Kikigeuka kijani, figo zinavuja. Presha ikisoma 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, na kijiti kikageuka rangi, mama huyo hatakiwi kurudi nyumbani na ushauri wa kuinua miguu. Akiachwa, kinachofuata huenda kikawa degedege la kifafa cha mimba, ambalo baadhi ya familia bado hulihesabu kuwa ni mashetani au kijicho. Tiba ipo na si ghali. Utafiti wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa sindano za magnesiamu salfeti hupunguza uwezekano wa kifafa hicho kwa zaidi ya nusu.

Kwa hiyo inaniuma nikifungua kadi ya kliniki na kukuta kisanduku cha mkojo kiko wazi mwezi hadi mwezi kwa sababu vitendanishi vimeisha. Mama amepanga foleni tangu alfajiri, amepimwa uzito, amepewa tarehe ya kurudi, na kile kipimo kimoja ambacho kingeweza kumwokoa hakikufanyika. Ana haki ya kuuliza, "Dada, presha yangu ni ngapi leo? Mkojo umeonyesha nini?" Na ana haki ya kujibiwa kwa namba.

Vipimo vingine nitavipitia kwa haraka. Mwenye VVU akitumia dawa ipasavyo, uwezekano wa mtoto kuambukizwa hushuka chini ya asilimia 5. Kaswende, inayoweza kumuua mtoto tumboni, hutibika kwa penisilini, ilimradi mwenzi naye atibiwe. Mkanda wa kupimia tumbo hutoa sentimita zinazokaribiana na wiki za mimba kuanzia wiki ya 20, na ukianza kubaki nyuma, huenda mtoto hakui vizuri.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8, matano kati yake yakiwa kuanzia wiki ya 30: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Awali yalikuwa 4 tu, mpaka uchambuzi ulipobaini kuwa waliohudhuria mara chache walipoteza watoto zaidi, hasa kati ya wiki ya 32 na 36.

Katikati ya tarehe za kliniki, yapo mambo yasiyosubiri: kichwa kinachouma bila kuachia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, damu au maji kutoka ukeni. Na mtoto aliyepunguza kucheza. Wengi huambiwa mtoto hutulia siku zikikaribia kwa kuwa nafasi imebana. Si kweli, mchezo wake unaweza kubadilika mtindo, lakini haupaswi kupungua. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kujifungua nako hakufuti hatari ya kifafa mara moja, kwani kinaweza kumpata mama hata siku kadhaa baada ya kondo kutoka. Apimwe presha kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, na apimwe tena ndani ya wiki ya kwanza, wakati nyumbani wote wamekwishamgeukia mtoto.