Je, Wajua? Ndege ya Nyumbani Huanzia Mkiani

Je, wajua kwamba anayejenga ndege kwenye banda la gari nyumbani kwake kwa kawaida haanzi na injini wala mabawa? Huanza na mkia. Mkia ni mdogo, unaenea juu ya meza, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya gharama nzima. Fundi akiharibu bati, hajaiuza nyumba. Akigundua mapema kwamba kazi hii si ya moyo wake, anaacha bila hasara kubwa. Na akiumaliza, amekwisha kujifunza karibu kila ufundi atakaouhitaji mbele, kwa sababu mkia wa ndege ni bawa dogo: una mbavu zake, mhimili wake na ngozi yake ya bati.

Kampuni iliyoeneza sana mtindo huu ni Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, iliyoanzishwa na mhandisi Richard VanGrunsven mapema miaka ya 1970. Inauza vipande vilivyokatwa tayari pamoja na michoro, na mnunuzi anaviunga mwenyewe. Zaidi ya ndege 11,000 za aina yake ya RV zimekwisha kuruka, nyingi zikiwa zimejengwa na watu ambao riziki yao inatoka kwingine kabisa.

Kazi yenyewe ni ribiti, yaani misumari mifupi ya kuunganishia mabati. Ndege ya bati la alumini yenye viti viwili inameza maelfu kwa maelfu ya ribiti, na kila moja ina hatua zake. Kwanza tundu linatobolewa. Kisha kingo zake zinalainishwa kwa mkono hadi kidole kikipita hakikwaruzwi, maana ufa wa bati huanzia kwenye kikwaruzo ambacho jicho halikioni. Mabati mawili yanabanwa pamoja kwa vishikizo vya muda, mamia yake, mpaka bawa linaonekana kama nungunungu. Halafu watu wawili wanajipanga, mmoja nje akiwa na nyundo ya upepo, mwingine ndani ameshikilia kipande cha chuma kizito nyuma ya ribiti. Nyundo inalia kidogo tu, basi. Ribiti yenye kipenyo cha milimita 3.2 inatakiwa ivimbe upande wa ndani ifikie upana wa milimita 4.8 na ibaki na kimo cha milimita 1.6. Ikilala upande, inatobolewa, inatolewa, inapigwa nyingine. Mshika chuma mara nyingi ni mke, mume, au mtoto mwenye mkono mwembamba unaopenya pale wa baba usipopenya. Ndege ya namna hii huchukua saa 1,500 hadi 2,000, pengine zaidi. Anayeipa saa 10 kila wiki atakuwa amepitisha miaka mitatu au minne kabla hajaisukuma nje ya banda.

Je, wajua kwamba sheria ya Marekani inaihesabu kazi hii kuwa ni kujisomesha? Mamlaka ya anga ya huko, FAA, inataka sehemu kubwa ya ujenzi iwe imefanywa na watu walioifanya kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Mafundi wenyewe huiita kanuni ya asilimia 51. Ndiyo maana mjenzi huandika daftari la kila siku na kupiga picha kila hatua: siku mkaguzi akija, lazima aone mikono ya nani imefanya nini. Karibu na mlango wa ndege huandikwa neno la kumtahadharisha abiria kwamba chombo hiki ni cha majaribio. Kisha ndege hurushwa bila abiria, mbali na makazi ya watu, kwa kawaida saa 25 ikiwa injini na pangaboi lake vimekwisha kuidhinishwa pamoja, au saa 40 ikiwa sivyo. Mjenzi anaweza pia kupewa cheti cha kuifanyia ndege yake mwenyewe ukaguzi wa kila mwaka. Mimi naiona ni sheria yenye heshima. Inamwamini mtu wa kawaida kwamba anaweza kujifunza jambo zito, halafu inamtaka aoneshe kwamba amejifunza.

Je, wajua kwamba ramani za ndege ziliwahi kutolewa bure? Mbrazili Alberto Santos-Dumont, akiwa Paris, aliunda ndege ndogo aliyoiita Demoiselle, yenye kiunzi cha mianzi na mabawa ya kitambaa chepesi. Hakuiwekea hataza. Mwaka 1910 jarida la Popular Mechanics la Marekani lilichapisha michoro yake ili mwenye mikono aijaribu. Miaka michache baada ya ndugu Wright wa Marekani kuruka kwa injini, tayari kulikuwa na mtu aliyetaka kila mtu aruke.

Mfaransa Henri Mignet alitaka jambo hilohilo, na kisa chake ndicho kinachonigusa zaidi katika habari hii yote. Mwaka 1933 alirusha ndege ndogo ya mbao na kitambaa aliyoiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chenye michoro na maelezo, kilichoandikwa kwa lugha ya seremala wa nyumbani. Ndege hiyo ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na jingine nyuma karibu yake, na haikuwa na pedali. Rubani aliongoza kwa mkono peke yake, akiinamisha bawa la mbele lote zima. Mwaka 1935 Mignet aliivusha mlango wa bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza, na Waingereza wakashikwa na homa ya kujenga. Kila mahali watu walikuwa wakikata mbao.

Kisha zikaanza kuanguka. Kwa namna moja ya kutisha: pua inashuka, na rubani hawezi tena kuiinua. Zilipochunguzwa kwenye mahandaki ya upepo, kule Farnborough Uingereza na Chalais-Meudon Ufaransa, sababu ikaonekana. Pua ikishazama kupita kiasi fulani, upepo unaopita katika upenyo wa mabawa yale mawili unalipa bawa la nyuma nguvu ya kunyanyuka, nalo linazidi kuizamisha pua. Rubani anavuta usukani kwa silika yake, na kuvuta kwake hakumsaidii. Mwaka 1936 Uingereza ikaacha kuzipa vibali. Mignet hakukimbia. Alirekebisha mpangilio wa mabawa, akaendelea kubuni, na wajukuu wa Chawa bado wanaruka Ufaransa hadi leo. Lakini hata aliyejenga kwa uangalifu, akafuata kitabu, aliweza kufa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi, mahali ambapo seremala mzuri hana namna ya kuliona.

Kosa la kinyume chake nalo lipo. Mwimbaji John Denver alifariki Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California, akirusha ndege ya aina ya Long-EZ aliyoinunua kwa mtu mwingine. Michoro ya Long-EZ inaiweka koki ya kuchagua tangi la mafuta mbele, katikati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga ndege ile alikuwa ameihamishia nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi walipojaribu kukaa kwenye kiti na kujipinda ili kuifikia, waliona mguu wa kulia huelekea kukanyaga pedali bila mtu kukusudia. Mafuta yalikuwa machache, tangi lilihitaji kubadilishwa, na ndege ilikuwa chini sana. Koki moja imehamishwa, pengine kwa nia njema kabisa.

Je, wajua kwamba mabawa ya ndege nyingi za nyumbani hupigwa pasi? Pasi ya nguo, ile ile. Ndege za mbao na za mabomba ya chuma huvikwa kitambaa cha poliesta, ndugu wa karibu wa kitambaa cha shati. Kikishagundishwa kwenye kiunzi huwa kimelegea, kina mikunjo kama shuka la kitanda. Fundi anakipitishia pasi yenye joto la nyuzi 120 za selsiasi hivi, nacho kinaanza kujikaza. Mzunguko wa mwisho hufika nyuzi 175, na hapo ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Fundi makini haamini namba za kwenye pasi. Anaipima kwa kipimajoto kwanza, kwa sababu kitambaa kilichoungua kupita kiasi hulegea na hakikazi tena. Kisha unafuata ushoni: sindano ndefu inapenya bawa kutoka juu hadi chini, mtu wa pili anaipokea na kuirudisha, na uzi uliopakwa nta unafunga kitambaa kwenye ubavu, fundo baada ya fundo, kila baada ya sentimita chache. Fundi cherehani wa Kariakoo angeielewa kazi hii kabla hujamaliza kumweleza.

Na hilo la nguo lina historia. Mwaka 1900 ndugu Wright walipopeleka ndege yao ya kwanza ya kuelea, isiyo na injini, kule Kitty Hawk, walirekebisha kitambaa cha mabawa kwa cherehani ya mwenyeji wao, Bi Addie Tate. Walipoondoka wakaiacha ndege hiyo mchangani, naye akakichukua kile kitambaa akawashonea binti zake magauni.

Je, wajua kwamba injini ya Volkswagen, lile gari dogo lenye mgongo wa kobe, imerusha ndege nyingi duniani? Sababu ni kwamba inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala maji, ni nyepesi, na inaweza kuzungusha pangaboi fupi moja kwa moja bila gia. Injini za magari mengine mengi hazikubali hivyo. Zinatoa nguvu yake zikizunguka kasi sana, ilhali pangaboi la kawaida la ndege ndogo halipendi kupita mizunguko 2,700 hivi kwa dakika, kwani ncha zake zikikaribia kasi ya sauti hupiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Ndiyo maana injini ya Rotax 912, inayopendwa sana siku hizi, inazunguka hadi mara 5,800 kwa dakika lakini ina gia ya kuipunguza kabla nguvu haijafika kwenye pangaboi. Na kila silinda yake ina plagi mbili, kila moja na umeme wake. Moja ikifa, nyingine inakufikisha.

Ndege ndogo kuliko zote zenye injini mbili nayo ni ya nyumbani: Cri-Cri ya Mfaransa Michel Colomban, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1973. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 78 hivi, pungufu ya gunia la mahindi.

Je, wajua kwamba ndege iliyojengwa na vijana imewahi kutua Zanzibar? Mwaka 2019 kundi la vijana wapatao 20 wa Afrika Kusini waliunga ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kwa takriban wiki tatu, kutokana na vipande vya kampuni ya nchini mwao, huku kazi ya injini wakisaidiwa na wataalamu. Wakaondoka Cape Town, wakapitia Namibia, Malawi, Tanzania, Uganda na Ethiopia, wakafika Cairo, kisha wakarudi.

Mikono ya namna hiyo hata huku kwetu ipo. Fundi mmoja wa Tunduma, mkoani Songwe, aliunda helikopta kwenye karakana yake. Mtaalamu mmoja wa kompyuta nchini Kenya naye aliunda ndege akatia injini ya gari. Habari zao zinapoandikwa, watu huuliza swali moja tu: imeruka? Mimi ningeuliza mengine. Alifuata michoro ya nani? Nani aliikagua ilipokuwa bado mifupa? Iliwahi kuwekwa kwenye mizani? Maana kila ndege ya nyumbani hupimwa uzito kwa mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, ili mjenzi akokotoe kitovu chake cha uzito. Kikiwa nyuma kupita mpaka, pua itanyanyuka na huenda isishuke tena kwa hiari. Hesabu hiyo ni ya kidato cha pili. Ningefurahi sana kuona mkaguzi wa anga akimtembelea fundi wa namna hii siku anayopiga ribiti ya kwanza, akakaa naye, akamwonesha.

Ndege za aina hii hufika mbali. Jon Johanson wa Australia, muuguzi na mkunga kwa kazi yake, alijenga RV-4 na kuisajili VH-NOJ, jina lake likisomwa kinyumenyume. Ameizunguka dunia kwa ndege hiyo zaidi ya mara moja. Desemba 2003 aliruka peke yake kutoka Invercargill, New Zealand, akapita juu ya Ncha ya Kusini akikusudia kufika Argentina. Upepo ulimkabili usoni, mafuta yakapungua, akageuka na kutua kwenye barafu ya Antaktika, katika kituo cha utafiti cha McMurdo. Alipewa pa kulala na chakula, lakini mafuta alinyimwa; msimamo wa wenye vituo vya huko ulikuwa kutowasaidia wasafiri binafsi waliokuja bila maandalizi yao. Akakaa siku kadhaa. Hatimaye rubani Mwingereza Polly Vacher, aliyekuwa ameweka akiba yake ya mafuta hapohapo kwa safari yake mwenyewe, akasema apewe. Johanson akajaza matangi, akarudi New Zealand salama.