Je, Wajua? Gari la Dizeli Huchoma Masizi Yake Lenyewe

Magari mengi ya kisasa ya dizeli yana chujio la kunasa masizi kwenye njia ya moshi. Peugeot 607 ilikuwa nalo tangu mwaka 2000. Chujio likikaribia kujaa, kompyuta ya injini huongeza dizeli ili joto lifike takriban nyuzi 600 za Selsiasi, masizi yaungue. Balaa ni safari fupi za mjini: ukizima injini mapema, masizi hubaki, na dizeli isiyoungua huweza kuchuruzika hadi kwenye oili. Kwa hiyo oili ikiongezeka yenyewe, usishangilie! Taa ya chujio ikiwaka, shika barabara kuu, uendeshe mfululizo kwa dakika 20 hivi. Lakini majivu ya oili yanayonaswa humo hayaungui. Hayo mwachie fundi.